Ndege asiye na jicho

Picha yenyewe ilikuwa ya mwari. Ametua juu ya mgunga mkavu ndani ya Ziwa Nakuru, mabawa nusu wazi, jua limempiga ubavuni. Kwenye skrini ndogo ya kamera ilinifanya nipige kigelegele peke yangu ndani ya gari. Mteja mmoja mwenye mkahawa akaiona kwenye simu yangu, akaitaka ukutani kwake, upana wa mita moja, akalipa nusu papo hapo. Fundi wa kuchapisha, kijana wa maneno machache, aliifungua kwenye kompyuta, akaikuza, akaikuza tena, kisha akanigeuzia skrini.

“Dada, huyu ndege hana jicho.”

Palikuwa na kitu cheusi mahali pa jicho, lakini hakikuwa na mpaka. Weusi ulikuwa umesambaa kwenye manyoya kama wino uliomwagikiwa na chai. Na ukingoni mwa bawa, pale weupe ulipokutana na gogo jeusi, palikuwa na uzi wa zambarau ambao Mungu hakumuumbia mwari yeyote. Nilimrudishia mteja pesa yake. Hapa kwetu ukisema “picha kali” mtu anaelewa ni nzuri, imekubamba. Mwenye kamera ana maana yake ya pili, kwamba kila ukingo unasomeka bila kulegea, na siku hiyo niliionja.

Kinachonilisha ni harusi, mahafali na siku za michezo za shule, kuanzia Nakuru mjini hadi Njoro na Molo. Ndege ni ugonjwa wangu wa Jumapili. Waliokulia hapa watakuambia zamani ulikuwa unafika ufukweni kwa gari na heroe wako pale mbele, waridi tupu. Kisha kuanzia mwaka 2010 hivi ziwa likaanza kupanda. Likameza lango kuu la zamani pamoja na ofisi zake, likameza barabara ya ufukweni, likaizamisha migunga ambayo sasa imesimama majini mikavu kama mifupa. Maji yalipozidi, magadi yakapungua makali, na ule mwani wa kijani wanaoula heroe ukapungua nayo. Heroe wengi wakahamia kwingine, Ziwa Bogoria hasa. Waliobaki, na mwari na mnandi waliojitwalia ile migunga mikavu, wako mbali na barabara mpya. Ndiyo maana kila mwenye kamera mjini akaanza kuulizia lenzi ndefu. Mimi nikiwemo.

Yangu ya kwanza niliichagua kwa namba. Zumu, lenzi ya kuvuta na kurudisha, ya kufika milimita 300 (namba ikiwa kubwa, ndege anavutwa karibu zaidi), nyepesi, bei ya harusi moja. Sitataja kampuni, kila kampuni ina lenzi ya namna hiyo. Kwa milimita 100 ilitoa picha safi kabisa za watoto wakikimbia. Kasoro ilikuwa kwamba sikuinunua kwa ajili ya milimita 100. Nikienda kwa ndege naisukuma mpaka mwisho na kuiacha huko huko, na mwisho ndiko zumu nyingi za bei nafuu zinakochoka. Kwa 300 na tundu la kuingiza mwanga likiwa wazi kabisa, f/5.6 (namba ndogo ya f ni tundu kubwa), kila kitu kilikuwa kana kwamba kimepakwa mafuta ya kupikia. Nikilibana tundu hadi f/8 au f/11 kinarudi kidogo, lakini mwanga nao unapungua, kasi ya shata, kope ya kamera, inashuka, na ndege akitikisa kichwa umempoteza. Nilikaa na lenzi ile mwaka mzima nikiamini mkono wangu ndio mbovu.

Aliyenitoa huko ni mzee mmoja, dereva wa watalii aliyestaafu. Alibeba wapiga picha wa kila taifa kwa miaka mingi, akaishia kujifunza kazi yao kuwazidi wengine wao. Nilimpelekea yule mwari nikitarajia aniambie ninunue lenzi gani. Hakuniuliza hata ninatumia ipi.

“Ulimpiga saa ngapi, binti yangu?”

Nikaangalia. Saa nne na dakika arobaini asubuhi.

“Na alikuwa mbali kiasi gani?”

Mbali. Mita sitini, labda themanini, juu ya maji.

Akacheka. “Basi umepiga picha ya hewa. Mwari alikuwa nyuma yake.”

Jumapili iliyofuata tulikuwa lango la Lanet kabla halijafunguliwa. Saa kumi na mbili na nusu tukasimama mahali pale pale, lenzi ile ile, mti ule ule. Mwari hakuwepo, palikuwa na mnandi wawili, lakini magome ya mti yalikuwa yanasomeka. Tukakaa tukinywa chai ya thamosi. Kila nusu saa nilipiga tena bila kusogeza gari. Kufikia saa tatu magome yakaanza kulegea. Saa nne mti mzima ukawa unacheza ukiutazama kwa kuvuta. Jua likipasha ardhi, hewa yenye joto inapanda na kuchanganyika na ile ya baridi, na mwanga ukipita humo unapinda huku na huku, kama sarafu ndani ya beseni la maji. Lenzi ndefu hailiondoi jambo hilo, inalikuza pamoja na ndege. Ukinunua lenzi ya bei ya shamba, saa nne na dakika arobaini utapata uji ule ule, labda wenye sukari zaidi.

Hapo nusu ya kosa ikaondoka kwenye lenzi. Robo nyingine niliiondoa kwa aibu. Dukani, siku naiuziwa, walinifungia bure kioo cha kukinga mbele ya lenzi, “cha kuzuia mikwaruzo, madam.” Mzee akakifungua, akaniambia nipige nguzo ya umeme nikiwa nacho, kisha bila. Ukingo wa nguzo ulikuwa na kivuli chake pembeni, hafifu, kama mtu aliyevaa shati mbili. Bila kioo, kivuli hakipo. Kioo cha bei rahisi mbele ya lenzi fupi unaweza usikione. Kwenye lenzi ndefu kila kasoro inavutwa karibu kama ndege mwenyewe. Kile kioo bado ninacho. Kinafunika kikombe kuzuia nzi.

Robo iliyobaki ilikuwa ya lenzi kweli. Hasa ule uzi wa zambarau. Mwanga mweupe ni rangi nyingi zilizosafiri pamoja, na kioo cha kawaida kinaipinda buluu zaidi ya nyekundu, kwa hiyo hazikutani mahali pamoja. Kadiri lenzi inavyokuwa ndefu ndivyo kutokutana huko kunavyoonekana. Dawa yake ni kioo kisichotawanya rangi sana, au fuwele ya fluoraiti. Canon walikuwa wakiuza lenzi ya milimita 300 yenye fluoraiti tangu mwaka 1969, kwa hiyo si siri mpya, ni gharama tu. Mwari ni mtihani mbaya kwa lenzi hafifu: mweupe juu ya gogo jeusi. Nikajiwekea sharti kwamba lenzi yoyote nitakayoinunua itapita kwanza kwenye kitu cheupe kilichokaa mbele ya cheusi.

Nilianza kuweka akiba. Huku naweka, nikasoma kila kitu, na kusoma kukanichanganya. Kuna zile zumu za 150-600 za Sigma na Tamron, za kilo mbili hivi. Kuna Nikon 200-500, kilo 2.3, kwa wenye kamera za Nikon. Kuna Canon 100-400, ya kwanza ya mwaka 1998 na ya pili ya 2014. Na kuna zile nyeupe kubwa za f/2.8 unazoziona viwanjani. Nilikuwa nashangaa kwa nini zinalingana na bei ya gari mpaka nikapiga hesabu. Gawanya 400 kwa 2.8, unapata milimita 143: huo ndio upana wa tundu linalohitajika, kioo cha mbele ukubwa wa kisahani cha chai, nacho kiwe safi hadi ukingoni. Gawanya 400 kwa 5.6, unapata 71. Nusu ya upana, robo ya eneo. Ukiweza kusubiri jua lipande kidogo, hukihitaji kile kisahani.

Hesabu nyingine ndiyo iliyoniponya tamaa ya namba. Kutoka 300 kwenda 400, ndege anaongezeka theluthi tu. Ukimsogelea kutoka mita 20 hadi 15 umepata kitu kile kile, na hewa iliyo katikati yenu imepungua. Nikaacha kuuliza “inafika wapi” nikaanza kuuliza “ikiwa imefika mwisho na tundu limefunguka lote, iko vipi?” Ukimuuliza muuzaji hivyo anakutazama vibaya. Muulize tu.

Kwa swali hilo, jibu lililokuwa likirudi mara kwa mara lilikuwa Canon EF 400mm f/5.6L, lenzi ya mwaka 1993. Haivuti wala hairudi, ni 400 tu. Haina kituliza mtikisiko. Vipande saba vya kioo, kilo moja na robo. Kila kipande kilichomo kimepangwa kwa kazi ya urefu mmoja, hakuna cha kusafiri huku na huku kumridhisha mwenye haraka. Kwa mtu anayeishi mwisho wa zumu, ilionekana kama imetengenezwa na mtu anayenijua.

Mpya sikuimudu. Ya mtumba niliipata kwa mpiga picha aliyekuwa akiuza vitu vyake, na siku hiyo alikuwa na zumu pia, ndefu zaidi, bei karibu sawa, nzuri kwa macho. Nilikwenda na magazeti. Nilibandika kurasa tano za Taifa Leo kwenye ukuta wa mabati nyuma ya nyumba yake, moja katikati na nyingine kwenye pembe nne, nikarudi nyuma hatua ishirini na tano, kamera kwenye stendi, nikapiga kwa saa ya kuchelewesha ili kidole kisiguse. Majirani wakatoka kutazama. Mtoto mmoja akauliza kama gazeti limekosa nini hadi lipigwe picha.

Zumu ilisoma vizuri katikati. Upande wa kulia vizuri. Upande wa kushoto maandishi yalikuwa yamelala, juu na chini. Nikadhani sijasimama sawa na ukuta. Nikahamisha stendi, nikapima kwa kamba, nikapiga tena. Kushoto kule kule. Hiyo ilikuwa imeanguka wakati fulani, au ilitoka kiwandani na kioo kimekaa upande. Kuna lenzi yenye jina zuri lakini hiyo unayoishika mkononi ndiyo mgonjwa. Mwenyewe aliapa haijawahi kuanguka. Sikubishana naye, labda alivyoinunua ilikuwa tayari imeshaanguka.

Ile 400 ikaniletea kitendawili kingine. Nilipolenga kwa kutazama kwenye kidirisha cha jicho kama kawaida, kurasa zote tano zilikuwa laini, sawasawa. Nikakata tamaa. Nikakumbuka kujaribu kwa skrini ya nyuma, nikaikuza, nikafokasi taratibu kwa mkono. Jamani. Herufi ndogo za matangazo ya vifo, zile za kuwataja wajukuu, nilizisoma moja moja. Kioo kilikuwa kizima. Kilichokosea ni kamera. Kwenye kamera za kioo cha ndani kama Canon 7D yangu, fokasi inapimwa na kijisensa chake cha pembeni, nacho kinaweza kutofautiana na sensa ya picha kwa unywele, na kwa 400 unywele mmoja ndio jicho la ndege. 7D ina mahali kwenye menyu pa kusogeza fokasi mbele au nyuma, hatua 20 kila upande. Niliisogeza kidogo, nikapiga, nikalinganisha, mara sita au saba, mpaka kidirisha na skrini vikakubaliana. Kamera mpya zisizo na kile kioo cha ndani hazina shida hii, kwani fokasi inasomwa kwenye sensa yenyewe. Ila nawaza ni lenzi ngapi nzuri ziliuzwa kwa hasira kwa kosa la kamera.

Jambo la mwisho lilikuwa tochi. Unamulika kutoka nyuma, unatazama kutoka mbele kwa mshazari. Vumbi si kitu. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zilizosambaa kama utando wa buibui: huo ni ukungu unaoota kwenye kioo, na ukishaota unakula hata rangi ya juu ya kioo. Haukuwepo. Nikalipa Sh85,000, nikapanda matatu nimeikumbatia kama mtoto mchanga.

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa ya kufundishwa adabu. Bila kituliza mtikisiko, shata chini ya 1/500 ya sekunde ilikuwa ni kubahatisha. Nikashona kifuko cha jinzi kuukuu, nikakijaza kilo mbili za maharagwe, nakilaza dirishani pa gari, lenzi juu yake, injini imezimwa. Injini ikiwa inanguruma hakuna lenzi kali duniani. Maharagwe hayo yalipata dudu baadaye, nikabadilisha na mchele wa Ahero, mkavu, nao unakaa vizuri zaidi kwa sababu punje zake zinatiririka na kuishika lenzi. Hii ni rai yangu, wapo wanaoapa kwa maharagwe.

Ina mipaka yake na sitaificha. Faru mweupe akija karibu na gari unapata pua na pembe moja, basi. Kanisani haifai kabisa; harusi nafanya na lenzi nyingine. Niliazima konvata ya 1.4, kipande cha kurefusha lenzi, ili ifike 560, ikanyang'anya hatua moja ya mwanga, lenzi ikawa f/8, na 7D ikagoma kufokasi yenyewe. Nikairudisha kesho yake. Mtu mwenye lenzi moja tu ya kwenda nayo mbugani na familia, ningemwambia atafute 100-400 iliyopita mtihani wa gazeti, asinisikilize mimi. Anayekaa na ndege saa nzima bila kusogea, huyo ndiye mwenzangu.

Mwaka uliofuata kazi ilinipeleka Kisumu kwa miezi mitatu, na huko nikakuta adui niliyekuwa nimemsoma tu. Kisumu iko kama mita 700 chini ya Nakuru, joto na unyevu wa ziwa unalala nao kitandani. Lenzi ya mwenzangu iliyokaa ndani ya begi, juu ya kabati, ikaota zile nyuzi. Yangu niliilaza kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Nilivikusanya kwa wauza viatu Kibuye, wananitazama kama mgonjwa.

Jumapili nilikuwa Dunga, ufukwe wa Ziwa Victoria hapo Kisumu. Asubuhi mapema unapanda mashua ufukweni, mzee wa mashua anakupeleka polepole kando ya mafunjo. Stendi ndani ya mashua ni kazi bure, inatikisika na mashua. Huko unatumia kiuno na pumzi, shata 1/1600, na ISO, wepesi wa kamera kuhisi mwanga, unaiacha ipande. Chembechembe za ISO nazivumilia. Picha iliyotikisika haina dawa.

Nilikuwa namtafuta gonoleki wa mafunjo. Mweusi mgongoni, kifua chekundu, utosi wa manjano, na haishi popote isipokuwa kwenye mafunjo, kwa hiyo Dunga wanamwona na Nakuru hatumwoni. Anasikika kuliko anavyoonekana. Jumapili tatu nilisikia. Ya nne mzee akazima mashine mbali, akatusukuma kwa mti hadi mafunjo yakagusa ubao. Tukakaa. Dagaa walikuwa wanaanikwa ufukweni, harufu inatufikia.

“Dada,” akanong'ona, “kulia kwako, chini. Usiinuke.”

Alikuwa mita tano hivi. Lenzi hii haifokasi chini ya mita 3.5, nikashukuru kwamba hatukusogea zaidi. Jua lilikuwa bado la chini, hewa baridi, hakuna uji wowote katikati yetu. Nikapiga picha kumi na moja kabla hajazama.

Jioni nikazifungua kwenye kompyuta. Zote kumi na moja ni kali, kila maana ya neno. Unyoya kwa unyoya, tone la umande, buibui mdogo kwenye bua ambaye sikumwona kwa macho. Na mbele ya jicho la ndege, katika kila picha, umepita uzi mmoja wa funjo, kijani, safi, umechongeka kama umekatwa kwa wembe.

Nilimwonyesha mzee wa mashua Jumapili iliyofuata. Akaitazama sana, akairudisha.

“Funjo umelipata vizuri,” akasema, akaenda kuwasha mashine.